Kupiga Picha ya Dirisha la Vioo vya Rangi

Somo letu la leo lahusu madirisha ya kanisani yaliyotengenezwa kwa vioo vya rangi, na jinsi ya kuyapiga picha.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Pana haja gani ya kujifunza jambo hili? Kamera imo ndani ya simu, nabonyeza, basi." Nitamjibu kwa kisa changu mwenyewe.

Nilialikwa arusini katika kanisa dogo. Nyuma ya madhabahu palikuwa na dirisha la vioo vya rangi, lenye sura ya mchungaji na kondoo wake. Niliwapiga picha maarusi wakiwa wamesimama mbele yake. Baadaye ikaja tufani usiku, tawi la mti likaliangukia dirisha lile, likavunjika vipande vipande. Mzee wa kanisa akanijia, akaniambia, "Mwanangu, wewe ulipiga picha siku ile. Fundi ataka kujua dirisha lilivyokuwa." Nikamwonyesha picha zangu zote. Maarusi walionekana vizuri, lakini dirisha lilikuwa jeupe kama shuka. Mchungaji hakuwapo, wala kondoo. Yule mzee alinishukuru, akaenda zake kimya. Leo pale pana kioo cha kawaida.

Kosa langu lilikuwa nini? Kwanza tujue dirisha la namna hii hufanywaje. Fundi huchanganya madini katika kioo kinapoyeyushwa. Kobalti hutoa rangi ya buluu. Shaba huweza kutoa nyekundu au kijani. Nyuso za watu na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi nyeusi, kisha kioo huchomwa katika tanuru ili mchoro ushike. Mwisho, vipande huunganishwa kwa mikanda ya risasi. Basi, rangi hizo hung'aa wakati nuru inapopenya kioo kutoka nje. Usiku, ukiwa ndani, dirisha lile lile huonekana jeusi.

Ndani ya kanisa mna giza, na nje mna nuru nyingi. Kamera yangu ilijitahidi kuonyesha watu waliokuwa gizani. Ikapokea nuru nyingi mno, na rangi za dirisha zikapotea.

Sasa shikeni mambo haya sita:

1. Omba ruhusa kwa wenye kanisa, wala usipige picha wakati wa ibada.

2. Chagua siku yenye mawingu mepesi. Jua kali hung'arisha sehemu moja ya dirisha kupita nyingine.

3. Zima taa ya kamera. Nuru yake hutoka mbele, na kioo chataka nuru ya nyuma. Taa za ndani nazo zizimwe, ikiwezekana.

4. Simama mkabala wa dirisha, mbali kidogo. Ukiielekeza kamera juu sana, dirisha litaonekana kama limepungua upana huko juu.

5. Iweke kamera juu ya kitu imara, isitikisike.

6. Pima nuru ya kioo, usipime ya ukuta. Katika simu nyingi, gusa mahali dirisha linapoonekana, kisha punguza mwanga mpaka rangi zionekane. Ukuta ukiwa mweusi, usijali. Piga picha tatu au nne, kila moja kwa kiasi chake cha mwanga.

Mafundi wakubwa nao hutegemea picha. Katika mji wa York, Uingereza, lipo kanisa kuu lenye dirisha kubwa upande wa mashariki. Fundi John Thornton na wenzake walilitengeneza tangu mwaka 1405 hata 1408. Dirisha hilo lina sehemu 311. Mwaka 2008 kazi ya kulitengeneza upya ilianza, na kufikia mwaka 2018 vioo vyote vilikuwa vimerudishwa. Katika kazi za namna hiyo, kila sehemu hupigwa picha kabla ya kufunguliwa: mara moja nuru ikitoka nyuma, ili rangi zionekane, na mara nyingine nuru ikitoka mbele, ili risasi na nyufa zionekane. Picha hizo humwonyesha fundi kila kipande kilikuwa wapi.

Kwa hiyo, ikiwa karibu nanyi pana dirisha la namna hii, nendeni mkalipige picha likiwa bado zima. Andikeni tarehe na jina la kanisa, mkampe mzee wa kanisa nakala aiweke. Dirisha likivunjika, fundi hataweza kuunda upya asichokiona.

Maswali ya kujibu darasani:
Kwa nini taa ya kamera haifai?
Siku gani ni njema kwa kazi hii?
Kwa nini dirisha la arusini lilionekana jeupe?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.