Safari ya Kumleta Kijibwa Nyumbani

  

Leo tunazungumza juu ya safari. Tuseme shule zilifungwa, watoto wakaenda kwa nyanya yao Machakos, na sasa umekuja kuwarudisha Mombasa. Mbwa wa nyanya amezaa. Mtoto wako amekwisha chagua kijibwa mmoja na kumpa jina, na nyanya amesema, "Mchukue, mjukuu wangu." Utakataaje mbele ya nyanya? Basi kijibwa ataingia garini. Ni zaidi ya kilomita 400, na malori yakisongamana barabarani mtashinda humo kutwa nzima: watoto, chakula, na mnyama mdogo anayetapika, anayenya na anayetafuna kila kinachosogea.

Kabla hujakubali, mvute nyanya kando umuulize maswali matatu. Kijibwa ana umri gani? Akiwa hajafika majuma manane, mwache na mama yake kwanza, hata mtoto akilia. La pili, mama ya kijibwa amechanjwa kichaa cha mbwa? Omba kuiona kadi. La tatu, je, siku za karibuni kuna mbwa hapo bomani au kwa jirani aliyebadilika tabia, akauma watu ovyo, au akafa bila sababu kujulikana? Jibu likiwa ndiyo, usimchukue, na mwambie nyanya amjulishe afisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Tena mkague watoto wako kama waliumwa au kukwaruzwa. Watu hudhani kijibwa ni mdogo mno kuwa na kichaa. Sivyo. Akiumwa na mbwa mgonjwa naye huambukizwa, na kwa kawaida chanjo yake huanza akiwa na miezi mitatu. Yaani huyu unayempakia garini huenda bado hana kinga yoyote.

Kama una siku mbili tatu kabla ya kuondoka, mwone daktari wa mifugo au msaidizi wake. Atampa kijibwa dawa ya minyoo na ya viroboto, na umuulize kama utahitaji karatasi za kumsafirisha. Vijibwa wengi huzaliwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao, na wengine huipata katika maziwa. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi na hunata kwenye manyoya. Mtoto akiyameza, minyoo michanga inaweza kutembea mwilini mwake hadi kwenye ini, mapafu, hata jicho. Lakini kuna jambo la kutufaa hapa: kinyesi kikiwa kibichi, mayai hayo hayajakomaa. Huchukua majuma mawili hivi au zaidi ndipo yaweze kuambukiza. Kwa hiyo ukifuta na kuosha mara moja, umeshinda nusu ya vita. Ukiuacha uchafu ukaukie chini ya kiti mpaka gari lioshwe mwisho wa mwezi, hapo umejitafutia shida.

Sasa tayarisha gari. Tafuta katoni imara au kreti ya plastiki, itoboe matundu ya hewa, tandika magazeti mengi, kisha kitambaa kikuukuu alicholalia na mama yake. Harufu ile humtuliza. Weka katoni chini, nyuma ya kiti cha mbele, mahali isipoweza kuruka dereva akikanyaga breki ghafla. Usimpakate, asipakatwe na mtoto, na usimfungie kwenye buti. Dereva naye asikubali kabisa kijibwa karibu na miguu yake. Mtoto mchanga akae mbali na katoni, upande wa pili.

Kama mmekodi gari pamoja na wengine, waulize kabla ya siku ya safari. Kuna asiyetaka mate ya mbwa yamguse kwa sababu za dini, na kuna mwenye pumu. Ni haki yao.

Mpe kijibwa chakula kidogo saa tatu hivi kabla ya kuondoka, asisafiri na tumbo lililojaa. Maji anywe kidogo kidogo njiani. Mkifika Mtito Andei, ambapo ni kama katikati ya safari, mpe tena chakula kidogo, kwa maana kijibwa akikaa na njaa kutwa huishiwa na nguvu. Akitapika, usimpe vidonge vya watu. Hata zile dawa za maumivu tunazowapa watoto zinaweza kumuua. Na jua la Mtito Andei mnalijua. Msimfungie ndani ya gari lililosimama mkaenda kula, hata kwa dakika kumi, na mtoto pia msimwache humo.

Kwa upande wa watoto, beba mtungi wa maji wa lita tano, kipande cha sabuni, mifuko ya uchafu na vitambaa vya kufutia. Ile dawa ya mikono ya chupa tuliyoizoea wakati wa Korona haiui mayai ya minyoo. Kinachosaidia ni maji na sabuni, kusugua na kusuuza. Weka sheria moja garini: aliyemgusa kijibwa hali kitu mpaka anawe. Ndizi, mahindi ya kuchoma, biskuti, vyote vingoje. Na asibusiane naye mdomoni. Najua watakubusu wewe kisha wambusu yeye, lakini jaribu.

Jambo kubwa ninalotaka mlishike ni hili linalofuata. Kabla gari halijaondoka, keti na mtoto umwambie hivi: "Kijibwa akikuuma au akikukwaruza, hata kidogo, hata kwa mchezo, uniambie papo hapo. Sitakuchapa, na sitamtupa kijibwa kwa sababu umeniambia." Nasema hivi kwa sababu nilimpokea kliniki mvulana wa miaka saba aliyeumwa kidole ndani ya gari. Meno ya kijibwa ni kama sindano, tundu lilikuwa dogo mno. Akaficha mkono chini ya leso ya mama yake safari nzima, akiogopa rafiki yake ataachwa kando ya barabara. Siku ya nne kijibwa akafa, wakamtupa. Ndipo mtoto akaanza kulia na kusema. Hakuna aliyejua kijibwa aliuawa na nini, na hakukuwa na mzoga wa kupimwa. Tulimwanzishia sindano siku hiyo, akamaliza zote, na yu mzima. Lakini mama yule alikaa miezi akimtazama mtoto akinywa maji, kuona kama anayaogopa.

Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa ya kuponya; karibu kila mgonjwa hufa. Kabla hazijaanza tunaweza kuzuia. Kwa hiyo mtoto akiumwa mkiwa Emali au Voi, simamisheni gari. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ndiyo maana nikasema lita tano, na ikiisha omba bomba kwenye kituo cha mafuta. Usipake mafuta ya taa, kitunguu wala tumbaku, wala usifunge kidonda kwa kukaza. Mate ya mbwa yakigusa kidonda, jicho au mdomo wa mtoto, ni sawa na kuumwa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuona kijibwa atakuwaje. Ukiambiwa dawa imekwisha, usirudi nyumbani. Uliza iko hospitali gani na uende huko.

Watu wazima wengi bado wanakumbuka hadithi za sindano za tumboni. Siku hizi mtoto hudungwa begani au pajani. Sindano ni kadhaa, kwa tarehe utakazoandikiwa, na zote ni lazima. Daktari akiona jeraha linahitaji, ataongeza dawa nyingine ya kinga kwenye kidonda chenyewe. Kijibwa naye msimuue wala kumtupa. Mfungieni mahali salama kwa siku 10 mkimwangalia, na daktari wa mifugo ajulishwe. Akifa, msimguse kwa mikono mitupu, na mwiteni daktari kabla ya kumzika.

Mkifika Mombasa salama, magazeti ya katoni yachomwe au yatupwe chooni, chini ya viti paoshwe usiku huo huo ijapokuwa mmechoka, na kila mtoto aoge na kukatwa kucha. Kijibwa aonyeshwe mahali pake pa kujisaidia, mbali na pale watoto wanapochezea mchanga. Kisha chukua kalenda, hesabu mpaka afikishe miezi mitatu, uzungushie tarehe ya chanjo kwa kalamu nyekundu. Chanjo hiyo hurudiwa kila mwaka. Kadi yake iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto, isipotee.

Juma lijalo, saa kama hii, tutazungumza juu ya maji ya kunywa. Kwaheri mama.