JIKO LA MARTHA

Somo: Luka 10:38-42



Tumezoea kumlaumu Martha kwa shughuli zake nyingi. Lakini Bwana hakulikataa jiko lake. Alimwonya kwa ajili ya mahangaiko yake. Leo nawaeleza jinsi jiko lilivyookoa maisha ya watu wengi.

Katika nchi ya Ufini, Ulaya ya Kaskazini, kuna jimbo liitwalo North Karelia. Katika miaka ya 1960 wanaume wengi wa huko walikufa kwa ugonjwa wa moyo wakiwa bado na nguvu za kazi. Walivuta sigara, wakala siagi na chumvi kwa wingi. Mwaka 1971 viongozi wa jimbo waliiomba serikali msaada. Kazi ikaanza mwaka 1972, ikiongozwa na daktari kijana, Pekka Puska.

Hawakungoja wagonjwa hospitalini. Walishirikiana na watu vijijini, na pia na chama cha akina mama chenye jina la yule Martha wa Bethania. Akina mama walijifunza kupika kwa mafuta machache na chumvi kidogo, na kuongeza mboga. Baada ya miaka 40, vifo vya ugonjwa huo kwa wanaume wa umri wa kazi vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Ndugu zangu, presha imo hata makanisani mwetu, na mara nyingi haina maumivu. Mtu huimba katika kwaya Jumapili, na Jumamosi twamzika. Wengine wakiombewa na kujisikia vizuri huacha vidonge. Kujisikia vizuri si kupona. Mungu aponyaye ndiye aliyempa daktari maarifa. Basi omba bila kukoma, na umeze dawa mpaka daktari mwenyewe aseme vingine.

Akina mama, mnapoandaa chakula cha mkutano, punguzeni chumvi na mafuta. Wazee wa kanisa, mwalikeni muuguzi awapime watu presha baada ya ibada. Ndugu uvutaye sigara, iache leo. Kumpenda jirani ni pamoja na kuulinda moyo wake.

Tuombe. Ee Bwana, miili yetu ni hekalu lako. Tufundishe kuitunza, na nyumbani mwetu, na mezani petu. Kwa jina la Yesu, Amina.