Plasta Haitoshi

Mama wa miaka 60 anateleza bafuni, anajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kinavunjika. Anafungwa plasta, na nyumbani wanasema ni uzee tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mfupa imara kwa kawaida huhimili anguko kama hilo. Huu umedhoofika kimyakimya tangu hedhi ilipokoma na homoni ya estrojeni, mlinzi wake mkuu, ikapungua.

Kinga huanza mapema, jikoni. Dagaa wanaotafunwa pamoja na miiba yao wana kalsiamu tele. Maziwa na mtindi vilevile. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 kwa siku, na vitamini D itokanayo na jua ili kalsiamu hiyo ifyonzwe vizuri. Kutembea, kulima na kupanda ngazi huimarisha mifupa, sigara huibomoa.

Lakini kwa aliyekwisha kuvunjika, dagaa peke yao hawatoshi. Yuko hatarini kuvunjika tena, safari hii pengine nyonga. Dawa zipo. Mama akirudi kufunguliwa plasta, mwombeni daktari ampime uimara wa mifupa.