Mifupa na Moyo Ni Ndugu

Hotuba hii ilisemwa na daktari mmoja mbele ya wazee, akina mama na vijana wa mji wa Garissa.



Leo nataka kusema juu ya mambo mawili ambayo watu wengi huyadhani kuwa mbalimbali, nayo ni mifupa na moyo. Mzee akivunjika nyonga, twasema ni bahati mbaya ya kuanguka. Mwingine akipooza upande mmoja wa mwili, twasema ni presha. Lakini mara nyingi chanzo cha maradhi hayo mawili ni kimoja, na dawa ya kuyazuia ni moja vilevile.

Kwanza yafaa tujue mfupa ni kitu gani. Mfupa si jiwe lililokufa. Mfupa una uhai, nao hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Tena mfupa ni ghala. Ndani yake mna madini yaitwayo kalsiamu, ambayo ni jamaa ya chokaa. Katika kila sehemu 100 za kalsiamu iliyo mwilini, sehemu 99 zimo katika mifupa na meno. Sehemu moja tu iliyobaki imo katika damu na nyama, lakini hiyo ndiyo iuwezeshayo moyo kupiga. Bila kalsiamu, nyama ya moyo haiwezi kujikaza na kusukuma damu.

Kwa sababu hiyo mwili hauthubutu kuacha kalsiamu ya damu ipungue. Shingoni mna vitezi vidogo vinne ambavyo kazi yake ni kulinda hesabu hiyo. Vikiona upungufu, huamuru ghala lifunguliwe, na mifupa hutoa akiba yake. Ni kama bwawa la maji ya mvua wakati wa kiangazi. Mifugo itanyweshwa leo na kesho, lakini mvua isiponyesha, siku moja watu wataona tope tupu. Ndivyo mifupa inavyopungua pole pole bila maumivu yoyote, hata siku ya kuanguka.

Sasa tutazame mishipa ya damu. Mtu akiishi miaka mingi na presha, tumbaku, kisukari au mafuta mengi katika damu, kuta za mishipa yake huumia. Mafuta huganda katika kuta hizo, na baadaye kalsiamu hutua papo hapo na kuzifanya ngumu. Basi waganga katika nchi mbalimbali wameona jambo la ajabu: watu wenye mifupa iliyopungua mara nyingi ndio hao hao wenye mishipa iliyokuwa migumu. Madini yamepungua mahali yanapotakiwa, na yameonekana mahali yasipotakiwa. Sisemi kwamba kila ugonjwa wa mifupa huleta ugonjwa wa moyo, kwani uzee peke yake huleta yote mawili. Lakini ni onyo. Mama ambaye hedhi yake imekoma, na mtu mwenye ugonjwa wa mafigo, na wajihadhari zaidi kwa mifupa na kwa moyo pia.

Labda mtauliza, mambo haya yatuhusu nini sisi watu wa ngamia na maziwa? Yatuhusu sana. Mwaka 1962 mganga aitwaye Lapiccirella na wenzake walichapisha habari za Wasomali wahamaji walioishi kwa maziwa, na walikuta dalili chache za ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mwaka huo huo Dr. A. G. Shaper wa Makerere alichapisha uchunguzi wake juu ya jirani zetu Wasamburu, ambao nao ni wachungaji. Kisha mwaka 1969 yeye na wenzake walieleza habari za vijana wa Kisamburu walioingia katika jeshi la Kenya. Vijana wale walikuwa wenye nguvu na afya. Lakini walipokaa jeshini, presha yao ilipanda. Chakula cha jeshini kilikuwa na chumvi nyingi kuliko chakula cha nyumbani kwao.

Hapo ndipo pana fundisho kwetu. Chumvi nyingi hupandisha presha. Tena, mafigo yanapoitoa chumvi hiyo katika mkojo, hutoka pamoja na kalsiamu. Kwa hiyo chumvi huudhuru moyo na kulipunguza ghala kwa wakati mmoja. Na watu wengi wa Garissa, Wajir na Mandera leo wamefanana na vijana wale wa jeshini. Ukame umemaliza mifugo, na watu wamehamia mijini. Aliyekuwa akitembea mwendo mrefu kwenda kisimani sasa hukaa kibarazani. Aliyekunywa maziwa sasa hunywa chai yenye sukari nyingi. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja.

Basi tufanye nini? Nitataja mambo sita.

La kwanza ni maziwa. Lita moja ya maziwa ya ngamia ina kalsiamu kiasi cha gramu moja, nayo yakaribia kumtosha mtu mzima kwa siku. Lakini yachemsheni. Najua wengi husema kwamba maziwa ya ngamia yakichemshwa huharibika. Sivyo, kalsiamu haiondoki kwa moto. Bali maziwa mabichi huweza kuleta homa ya brusela. Homa hiyo hushika viungo na mifupa ya mgongo, na mara chache hushika moyo wenyewe na kuua.

La pili ni jua. Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu ya chakula haiingii mwilini vema. Jua letu ni kali, lakini mtu akaaye ndani mchana kutwa, au avaaye nguo za kumfunika mwili wote, hapati faida yake. Hata katika nchi za Ghuba zenye jua jingi, wanawake wengi wameonekana na upungufu huo. Akina mama, mwaweza kukaa katika ua wenu wa ndani, mahali pasipo na mgeni, mkaacha mikono na miguu ipate jua kwa muda mfupi. Stara haivunjwi kwa jambo hilo.

La tatu ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika chakula.

La nne ni kutembea. Mfupa huimarika ukibeba mzigo wa mwili, na moyo huimarika kwa kazi ile ile. Nusu saa kila siku, asubuhi kabla ya joto, yatosha kuanzia.

La tano ni miraa na tumbaku. Miraa huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha presha, na mwenye kuitafuna hukaa saa nyingi pasipo kutembea wala kula. Tumbaku huharibu mishipa, na mifupa pia.

La sita lawahusu wajawazito. Mahali ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, Shirika la Afya Duniani lashauri wajawazito wapewe vidonge vya kalsiamu, maana vimeonekana kupunguza hatari ya presha ya mimba, ile iletayo kifafa na kuua mama na mtoto. Basi mama na aende kliniki mapema, akaulize habari hiyo. Lakini wengine msinunue vidonge hivyo dukani kwa shauri lenu wenyewe. Mwaka 2010 jarida la waganga wa Uingereza lilitoa uchunguzi uliotia shaka kwamba vyaweza kuongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, na wataalamu hawajapatana juu ya jambo hilo mpaka leo. Kalsiamu ya chakula haina shaka hiyo.

Wazee wangu, mtu akivunjika nyonga huko malishoni, safari ya kumleta hospitali ni ndefu na ya mateso. Wengi wa wazee wavunjikao nyonga hawatembei tena kama zamani. Na aliyepooza huwa mzigo mzito kwa wanawe. Lakini kupima presha hakuumizi, na huchukua dakika chache tu. Kila mtu mwenye umri uliopita miaka 40 na aende zahanati au hospitali iliyo karibu naye akapimwe, naye amchukue mkewe au mama yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.