Mshahara wa Fundi na Mshahara wa Mwenye Gereji
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Garissa)



Leo hatukuja kuwasema matajiri. Wengi wanaotuajiri katika mji huu si matajiri hata kidogo; ni mafundi wenzetu, jana walikuwa vibarua, leo wana kibanda, mashine ya kuchomelea na watu wawili. Baadhi yetu tutakuwa hivyo kesho. Taabu ni kwamba mwenzetu huyo akisha kufungua kibanda hupanga bei kwa kumtazama jirani, wala hajihesabii mshahara wake mwenyewe.

Tufanye hesabu. Amri ya mishahara ya Kenya yahesabu juma kuwa la saa 52, yaani saa 225 kwa mwezi. Tuseme, kwa mfano tu, fundi analipwa shilingi 24,000, na ya nyumba asilimia 15, ndiyo 3,600. Jumla 27,600. Ukigawanya kwa 225 wapata kama shilingi 123 kwa saa. Mwenye gereji huona hivyo, akamtoza mteja 200, akalala akidhani amepata faida.

Hakupata. Fundi hafanyi kazi ya kulipiwa saa zote 225. Spea inangojwa katika basi la Nairobi, stima inakatika, lori la Wajir halikufika. Novemba 2023 Mto Tana ulipofurika ukakata barabara pale Mororo, kodi ya kibanda haikukatika. Tuseme basi saa zenye mteja ni 120. Mwenye gereji naye hushika spana saa 60 tu, kwani siku yake huishia katika kutafuta spea na kudai madeni ya jamaa. Jumla 180. Sasa weka mshahara wa fundi 27,600, wa mwenye gereji 27,600 vile vile, na kodi, stima, vifaa na mchango wa NSSF 16,800. Ni 72,000. Gawanya kwa 180: shilingi 400 kwa saa, na faida bado.

Kwa bei ya 200 zaingia 36,000 tu. Nusu haipo. Nani analipa nusu hiyo? Si mteja. Jumamosi fundi huambiwa, "Ngoja kidogo, ndugu yangu," na kijana anayejifunza kazi hupewa chakula cha mchana na maneno mazuri.

Mtauliza kwa nini chama cha wafanya kazi kiutetee mshahara wa mwajiri. Kwa sababu asiyejipangia mshahara hujilipa kila jioni. Simu yake ni moja: pesa za spea ya mteja, pesa za mafundi na pesa za unga wa nyumbani zote zimo katika M-Pesa hiyo hiyo. Nani ajuaye amekula ngapi? Naye ajilipe kiasi gani? Ajiulize: nikiugua mwezi mzima, nitampa mtu ngapi ashike kazi yangu? Hiyo ndiyo haki yake, si zaidi. Kinachobaki baada ya wote kulipwa ndicho faida ya gereji. Kinunue mashine, au kingoje mafuriko mengine.

Liko jambo lingine ambalo wengi wamedanganywa. Amri ile ina safu tatu: miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, kisha miji iliyokuwa manispaa, kisha mahali pengine pote. Mtu huambiwa, "Huku ni porini," akalipwa kwa safu ya tatu. Lakini Garissa ilikuwa na baraza la manispaa mpaka mabaraza yale yalipoondolewa mwaka 2013, basi fundi wa mjini ni wa safu ya pili. Katika amri ya 2022 kibarua wa kawaida wa safu ya pili alikuwa na kama shilingi 14,000 kwa mwezi, wa safu ya tatu kama 8,100. Tofauti hiyo si ya kunyamaziwa.

Mkutano ujao, mwanachama mwenye gereji aje na daftari lake. Nasi tulioajiriwa tuje na saa zetu zimeandikwa: kila gari limeanzwa lini, limemalizwa lini. Hizo saa 180 tulizozitaja ni za mfano; twataka zenu za kweli.