Ujumbe wa Malipo Bado Si Malipo



Zamani mkulima wa viazi wa Uyole alidamka, na baridi ya Uyole si ya mchezo, kwenda mjini kuulizia bei. Tangu fedha zianze kutumwa kwa simu nchini mwaka 2008, bei huulizwa Kariakoo kwa simu na malipo huingia kabla gari halijaondoka Mwanjelwa. Jioni simu hiyohiyo huleta muziki, mpira na sauti ya mjukuu aliyeko Iringa.

Hapo ndipo matapeli wanapotuvizia. Ujumbe wa kughushi hufanana na wa kweli hadi nukta. Kwa hiyo tunawasihi: gari lisiondoke kabla hamjatazama salio lenu wenyewe. Anayedai amekosea kutuma fedha, mwelekezeni kwa mtoa huduma wake. Namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata akijiita ofisa wetu.

Pigeni *106# mwone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu cha taifa. Huenda mkakuta msiyoijua. Ujumbe wa kitapeli upelekeni 15040, mkitaja namba iliyoutuma. Lalamiko lianzie kwa mtoa huduma. Asipolitatua, ofisi yetu ya kanda ipo Mbeya.