Iwashwe Kwanza, Ndipo Tulipe



Mvuvi wa Matemwe akinunua mashine ya boti, haichukui mpaka iwashwe ndani ya pipa la maji. Husikiliza mlio, hutazama moshi, ndipo hutoa fedha.

Viwanda vikubwa navyo vina pipa lao. Kwa kiwango cha Marekani kiitwacho API 617, kompresa ya kusukuma gesi huzungushwa kiwandani saa 4 mfululizo, kwa kasi ya juu kabisa ya kazi yake. Mafundi hupima mtikisiko wa shafti na joto la beringi. Mnunuzi anaweza kudai mtu wake ashuhudie.

Jambo hili linatuhusu. Baadhi ya umeme unaovuka bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba hutokana na mitambo ya gesi ya Dar es Salaam. Bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, limepangiwa vituo 6 vya pampu.

Kasoro ikionekana kiwandani, mtengenezaji huirekebisha palepale. Ikionekana huku, tutasubiri vipuri gizani. Na giza tunalijua: Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa gridi. Safari ile hitilafu ilikuwa ya njia ya umeme, si ya mtambo, lakini giza halina tofauti.

Basi kwenye majaribio wapelekwe mainjinia wetu, si wakubwa wanaokwenda kutembea. Wakirudi, ripoti yao isomwe hadharani. Mlipaji ni mwananchi.